Sura ya Tisa: Amri ya Kutenganisha

Kabati halikuwa limevunjwa. Josiah Mghanga alipiga magoti kwenye zulia la Bi. Thring, akasogeza tochi karibu na tundu la ufunguo, akalitazama kwa muda ambao mwenye nyumba aliuona mrefu mno. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Aliyefungua alikuwa na ufunguo, na alipomaliza alifunga tena. Wezi aliowajua Josiah kwa miaka sita aliyofanya kazi Durban hawakuwa na adabu ya kufunga kabati.

"Funguo ni mbili," Bi. Thring alisema. "Mmoja nauvaa shingoni. Wa pili alikuwa nao Athanase, mtumishi wangu, kwa ajili ya kufuta vumbi. Sijui tunatafuta nini zaidi."

Marehemu mumewe alikuwa wakala wa meli kule Kobe kwa miaka ishirini, akarudi hapa Morningside na makasha ya vitu vya dini za Kijapani. Vilijaa nyumba nzima. Kitambaa cha buluu kwenye rafu ya kati ya kabati hilo kilikuwa kimepauka kwa jua, isipokuwa mviringo mmoja uliobaki na rangi yake, upana wa sahani ya wali. Hapo ndipo lilipokuwa limekaa duara la shaba nyeusi lenye sanamu ndogo ya Buddha katikati. Jumanne jioni lilikuwapo. Jumatano saa tatu asubuhi halikuwapo, na saa nne polisi wakamchukua Athanase. Leo ilikuwa Alhamisi.

Athanase alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu. Karatasi yake ya ukimbizi, ambayo Wakongo wote wa Durban waliiita permit, ilikuwa inaisha Jumatatu, na juu ya karatasi hiyo hiyo waliandikwa mkewe na watoto watatu. Mtu mwenye hatia ya wizi haongezewi muda. Hurudishwa alikotoka, na kule alikotoka vita vipya vilikuwa vimeanza Agosti, mwaka huu wa 1998 ambao watu walidhani ungekuwa wa kupumua. Mkewe, Marie-Jeanne, msusi wa Umbilo Road, ndiye aliyemwajiri Josiah. Hakumpa maelezo mengi. Alimwambia amtolee bwana yake kabla ya Jumatatu.

Josiah alikuwa mkalimani wa mahakama na mpelelezi wa kujitegemea. Kazi ya kwanza ilimpa mkate, ya pili ilimpa maadui. Sajini Ramdass alimruhusu kuingia katika shauri hili kwa sababu moja tu: mshukiwa hakuwa amefungua mdomo tangu akamatwe, na Sajini alikuwa amechoka kuhoji ukuta.

"Polisi walipekua wapi?" Josiah aliuliza.

"Kila mahali. Chumba chake cha uani, jiko, bustani, tangi la maji. Askari mmoja alitaka hata kuishusha picha ya Mfalme wa Japani kule ukumbini, nikamkataza. Marehemu hakutaka iguswe na mtu."

"Nani mwingine aliingia humu kati ya Jumanne jioni na Jumatano asubuhi?"

"Daktari Zilpah, yule Mkenya mwenzako anayeniandikia orodha ya vitu. Alikuja kunywa chai Jumanne. Na fundi wa masanduku, Jumatano saa moja. Alitoka na sanduku begani." Bi. Thring alishika ufunguo wake shingoni. "Lilikuwa tupu. Nadhani lilikuwa tupu."

"Na wale wageni wanaokuja kulichukua duara wanafika lini?"

"Kesho saa nne. Wametoka Japani kwa ajili ya kitu hicho kimoja, na Jumamosi wanapanda ndege. Bwana Mghanga, mtu asiye na hatia husema. Huyu hasemi."

Josiah aliandika hivyo hivyo alivyoambiwa. Kwa uzoefu wake wa mahakamani, wenye hatia ndio waliosema sana, lakini hakuwa amelipwa kumfundisha Bi. Thring.

Fundi wa masanduku alipatikana Warwick Junction, nyuma ya wauza dawa za miti shamba, amekaa juu ya rundo la mbao na penseli sikioni. Aliitwa Ladislaus, mwenyeji wa Bukoba, na alipomwona mtu mwenye koti akimjia moja kwa moja aliacha kupiga randa.

"Polisi au mteja, mkuu?"

"Wala si mmoja wao. Nimetoka kwa Bi. Thring."

"Eish. Yule mama ameniletea mkosi." Ladislaus alilivuta sanduku kutoka chini ya turubai. "Sanduku lenyewe hili hapa. Nimetoka nalo mlangoni kwake, nikapita nalo pale kwenye robot, kwenye taa za magari, watu wote wakiniona, mpaka hapa. Liangalie."

Josiah aliliangalia. Alipima kwa kiganja: urefu, upana, kina. Alilipiga chini kwa vidole kusikiliza kama lina sakafu mbili. Halikuwa nazo. Lilikuwa sanduku zuri, limepigwa msasa hata ndani, ambako hakuna mtu angetazama.

"Kwa nini alikurudishia kazi nzuri namna hii?"

"Hilo ndilo nililomuuliza mimi. Mara ya kwanza aliniambia kina cha shubiri nzima, kwa sababu kile kisanamu kimetokeza mbele. Nikatengeneza. Jumatano naenda kukabidhi, ananiambia halifai tena, anataka jembamba, kama la kuwekea sahani kavu. Nikamwambia, mama, na kisanamu je? Akaniambia, kisanamu hakikuhusu."

"Alikwambia hivyo kabla ya kugundua kwamba duara limepotea?"

"Kabla. Ilikuwa saa moja, hata chai hajanywa."

Josiah aliliandika hilo na kulipigia mstari. "Athanase ulimwona?"

"Nilimwona, alinifungulia geti. Hakuwa na maneno asubuhi hiyo. Aliniomba misumari minne midogo, ile ya fremu, nikampa."

"Alikwambia ya nini?"

"Kaka, mtu akikuomba misumari minne, utamdai barua ya balozi wa nyumba kumi?"

Safari ya Warwick ilikuwa ya kumkamata mwizi, na mwizi hakuwapo. Fundi alikuwa safi. Lakini sanduku jembamba lilimkaa Josiah kichwani, na saa sita kasoro alikuwa chuo kikuu, ghorofa ya tatu, mlangoni kwa Daktari Zilpah Kageha, mwalimu wa historia ya dini, Mmaragoli ambaye hakuwahi kumwogopa mtu kwa sababu ya koti.

"Mghanga, umekuja kunihoji au kunisalimia?"

"Yote mawili."

"Basi anza na la kwanza. La pili tutalifanya kwa chai."

"Lile duara ni nini hasa? Niambie kama unavyomwambia mtu wa kawaida."

Zilpah alisukuma madaftari pembeni. "Lilikuwa likitundikwa kwenye hekalu la Shinto, mlimani. Linasimama badala ya kioo cha kujitazamia, na kioo ndimo anamokaa kami, mungu wa mahali pale. Halafu mbele ya kioo wakamweka Buddha. Kwa karibu miaka elfu moja watu hawakuona taabu yoyote. Waliamini kami ni Buddha yule yule, amekuja kwa sura ya jirani."

"Kisha?"

"Kisha serikali. Mwaka 1868 watawala wapya walimrudisha Mfalme mbele ya watu. Walitaka Mfalme awe mzao wa mungu wa jua, na mungu wa jua awe Mjapani mtupu. Sasa kami aliye kivuli cha Buddha kutoka India atakusaidia nini? Wakatoa amri kwamba kami na Buddha watenganishwe. Sanamu zikatolewa mahekaluni, kengele zikayeyushwa, watawa wakaambiwa wafuge nywele wawe makuhani wa Shinto. Wapo waliobadilika kwa wiki moja."

"Na wasiobadilika?"

"Waliadhibiwa, au walificha vitu. Duara zima kama lile limesalia kwa sababu mtu fulani alilificha. Lakini usidhani kabla ya hapo dini ilikuwa huru. Watawala waliotangulia waliyafanya mahekalu ya Buddha ofisi ya chifu. Kila nyumba ilitakiwa kuwa na karatasi ya hekalu kuthibitisha kwamba waliomo si Wakristo. Huna karatasi, una matatizo."

"Ilikuwa inaongezwa muda?"

"Waliandikishwa upya. Sehemu nyingi kila mwaka." Zilpah alimtazama. "Umeuliza swali la Mkongo."

"Nimekaa nao sana. Na ile picha ya Mfalme kule ukumbini?"

"Hiyo ni ya baadaye. Shule zilipewa picha ya Mfalme, watoto wakaiinamia siku za sikukuu. Shule ikiwaka moto, mwalimu mkuu anaingia kuiokoa. Wapo walioungua humo. Vita vilipokwisha mwaka 1945 washindi wakaleta amri yao, serikali na hekalu vitenganishwe, na picha zikakusanywa. Mzee Thring aliipata moja, mimi sikumuuliza alivyoipata."

"Amri nyingine ya kutenganisha."

"Kila mshindi huja na yake."

Josiah aligeuza ukurasa. "Sasa niambie kuhusu sanduku jembamba."

Zilpah alifungua mtoto wa meza, akatoa tafsiri aliyoifanya ya barua ya kurasa mbili, akaigeuza ili mgeni aisome. Ilitoka kwa kamati ya hekalu, mahali ambapo duara lilitoka zamani. Walikuwa wanalikarabati hekalu lao na walitaka kioo kirudi nyumbani. Ibara ya tatu ilikuwa fupi. Kioo kipokewe kikiwa safi, kama inavyokipasa, na sanamu iondolewe hapa hapa kabla ya safari.

"Buddha abaki Durban," Josiah alisema.

"Abaki kwa Bi. Thring ashikilie karatasi zisipeperuke. Monasteri iliyokuwa chini ya mlima ule ilibomolewa enzi hizo hizo za amri, kwa hiyo hayupo wa kumpokea. Pini ni tatu. Ukizing'oa, ile shaba inapasuka, hairudi tena. Nilimpinga Bi. Thring. Akanijibu kwamba mwenye mali ni yeye, na kweli ni yeye."

"Kwa hiyo una sababu nzuri ya kuiba."

"Nina sababu nzuri kuliko wote. Ila ufunguo sina, na Jumanne nilitoka pale kabla ya magharibi, duara liko kabatini, mwenyewe akinisindikiza. Jumatano kuanzia saa moja nilikuwa darasani na wanafunzi arobaini. Kawahesabu."

"Barua hii ulimsomea lini?"

"Jumanne, kwenye chai. Iliandikwa Kijapani, nikamtafsiria kwa Kiingereza."

"Athanase alikuwa wapi?"

Zilpah alivua miwani. "Alikuwa anamimina chai. Aliniuliza nani ametoa amri hiyo. Nikamwambia ni kamati. Akauliza kama kamati ni ya serikali. Hapo Bi. Thring akamwambia alete maziwa."

Josiah alifunga daftari. Hakuna aliyeikumbuka chai yao wenyewe.

Saluni ya Umbilo Road ilikuwa na viti vitatu na vichwa vitano. Marie-Jeanne alikuwa akisuka kwa kasi ya mtu anayeogopa kusimamisha mikono. Alipomwona Josiah aliuliza kwa macho kwanza, na Josiah akatikisa kichwa.

"Bado, Mama. Nina swali moja, na litakuwa la ajabu. Kule kwenu, mtu akitaka kuficha kitu cha Mungu, serikali isikione, anakiweka wapi?"

Mikono ilisimama. "Papa Josiah, juu ya nini unaniuliza ile?"

"Wewe nijibu tu."

"Inategemea ni serikali gani." Marie-Jeanne alijifuta vidole kwenye kitenge. "Mwaka ya septante-quatre, sabini na ine, wakati ya Mobutu, batu ba parti, chama yake, balikuya ku masomo yote. Batoe musalaba kwa ukuta, na fasi yake baweke photo ya Président. Papa ya Athanase, Papa Anaclet, njo alikuwa directeur, mukubwa ya shule, pale Bukavu. Balimusimamia, akatosha musalaba, akapachika photo. Bakafurahi, bakaenda."

"Na msalaba ulikwenda wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano uso wake ulilegea. "Papa Anaclet alifungua ile photo kwa nyuma, akauweka mule ndani, akapiga misumari. Miaka mingi ba inspecteur banakuya, banasimama mbele ya photo, banaimba. Banaimbia musalaba, benyewe bahajue. Athanase alikuwa mudogo, njo alikuwa anashika taa. Vraiment, nani atashusha photo ya Président? Ukiishusha, unakamatwa wewe."

Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri zamu walicheka, na mmoja alisema kwao baba yake alifanya vivyo hivyo na rozari. Josiah hakucheka. Alimshukuru, akatoka, akaingia duka la simu la jirani, akampigia Sajini Ramdass. Alimwomba aje Morningside na glavu, kamera na mifuko ya vielelezo, na asimpigie Bi. Thring kwanza.

Saa tisa walikuwa ukumbini, wote watatu. Mfalme wa Japani, amevaa sare na nishani, aliwatazama kutoka ndani ya fremu nzito ya mbao yenye kina cha mtoto wa meza. Bi. Thring alikunja mikono.

"Nilishasema haiguswi."

"Ulisema, mama," Sajini alijibu. "Leo nina hati." Alipiga picha tatu za ukuta, akavaa glavu, akaishusha fremu kwa msaada wa Josiah na kuilaza kifudifudi juu ya meza.

Ubao wa nyuma ulikuwa wa zamani, umeliwa na wadudu pembeni. Misumari iliyoushikilia ilikuwa minne, midogo, na inang'aa. Sajini alimtazama Josiah, Josiah akamwambia jina la aliyeitoa na mahali anapopatikana. Kisha Sajini aliingiza ncha ya kisu chini ya ubao, akaubandua upande mmoja baada ya mwingine.

Ndani mlikuwa na kitambaa cha jikoni, kimefuliwa na kupigwa pasi. Ndani ya kitambaa mlikuwa na duara la shaba nyeusi, na katikati ya duara Buddha amekaa kama alivyokaa siku zote, mikono mapajani, pini zake tatu mahali pake. Sajini aligeuza, akageuza tena, akapiga picha.

Bi. Thring alinyoosha mkono. "Ni changu. Asante. Sasa nipe."

"Ni chako, mama, lakini kwa sasa ni kielelezo." Sajini alikuwa tayari anaandika namba kwenye mfuko. "Kitaingia kwenye daftari la kituo leo hii."

"Wageni wanakuja kesho saa nne."

"Nimekusikia."

"Basi nafuta mashtaka. Kitu hakijatoka nyumbani kwangu, hapana wizi. Nipe karatasi nisaini."

Sajini alifunga mfuko kwa uzi na lakiri, bila haraka. Alikuwa mtu wa taratibu. Wenzake walimcheka kwa hilo na majambazi walimchukia kwa hilo. "Karatasi utasaini, na mshukiwa nitamwachia jioni hii, kwa sababu sheria hainiruhusu kumshikilia mtu kwa kuhamisha kitu kutoka sebuleni kwenda ukumbini. Lakini jalada silifungi mimi, hulifunga mwendesha mashtaka, na hawezi kulifunga bila maelezo ya jinsi kitu kilivyofika humu. Athanase akitoa maelezo yake leo, nitampelekea leo, atasaini leo, na kesho saa mbili utachukua mali yako. Asipotoa, jalada litasubiri mpaka wiki ijayo."

"Atatoa," Bi. Thring alisema. "Mwambieni tu ni kwa faida yake."

Josiah alikuwa ameshika ubao wenye misumari. Aliuweka mezani na kufuata gari la polisi.

Athanase aliletwa chumba cha mahojiano bila mkanda na bila kamba za viatu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyotunzwa. Marie-Jeanne aliruhusiwa kukaa naye. Alikuwa amekuja mbio na chanuo bado limechomekwa kwenye nywele. Athanase aliona uso wa Josiah, akaona mfuko mkononi mwa Sajini, akafumba macho.

"Iko muzima?" aliuliza. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa siku mbili.

"Iko nzima. Pini zote tatu."

"Papa, nani alikutuma kuitafuta? Nilikuwa nahesabu mpaka Jumamosi. Bakisha panda ndege, ningesema kila kitu miye mwenyewe."

"Mkeo ndiye aliyenituma."

Athanase alimgeukia Marie-Jeanne. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka.

"Ungeniambia," Marie-Jeanne alisema. "Siku mbili sijalala, nawaza kama uliiba kweli."

"Ningekuambia, ungesema."

"Ndiyo. Ningesema."

Josiah aliuliza swali ambalo halikuwa katika fomu ya Sajini. "Athanase, yule si Mungu wako. Wewe ni Mkatoliki. Kwa nini?"

"Si wangu. Ni wa benyewe." Athanase alitazama mikono yake. "Lakini miaka mbili miye njo nilikuwa namupanguza. Na Madam aliniambia, Ijumaa wageni bakiwa pale, wewe una mikono mizuri, utang'oa. Aliniambia vile Jumanne, usiku sikulala. Papa yangu alikuwa na mikono kama hii, na siku ile balimusimamia kwa mulango. Miye siwezi."

Sajini aligonga meza kwa kalamu. Alitaka kujua wanasema nini, na Josiah alimwambia yote, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Sajini alisikiliza hadi mwisho. Kisha alivuta fomu, akasoma kwa sauti yake ya kila siku: mshukiwa ana haki ya kukaa kimya, hana lazima ya kutoa maelezo, na akiyatoa yataandikwa. Haya aliyoyasikia sasa hivi hajayaandika, kwa sababu alikuwa bado hajasoma haki. Aliinua macho.

"Muulize sasa, rasmi. Anataka kutoa maelezo leo?"

Josiah hakulitafsiri swali hilo peke yake. Aliwaeleza wote wawili kilicho nyuma yake, pole pole, kwa Kiswahili ambacho wangekielewa. Akitoa maelezo sasa, jalada linafungwa usiku huu. Jumatatu anakwenda kwenye permit bila doa. Na kesho saa nne wataing'oa sanamu, wamtafute mtu mwingine mwenye mikono. Akinyamaza, sanamu inalala stoo ya polisi, wageni wanapanda ndege bila kitu, na Jumatatu yeye anasimama mbele ya karani wa permit akiwa na kesi ambayo haijafungwa. Josiah aliona aibu kuyapanga mambo hayo mawili mbele yao kama bidhaa, lakini hakuona njia nyingine ya kuyasema.

"Na kesi ikiwa wazi, batamukatala?" Marie-Jeanne aliuliza.

"Wanaweza. Au wampe mwezi mmoja badala ya mitatu. Au karani asiulize kabisa. Siwezi kukuahidi lolote, Mama."

"Na bakimukatala?"

"Unajua."

Permit ilikuwa ya watu watano na Athanase hakuwa tayari kuichezea mara ya pili bila kuuliza. Alimtazama mkewe tu, na kwa mara ya kwanza Josiah alimwona akiogopa.

Marie-Jeanne alichomoa chanuo kichwani, akalishika kwa mikono miwili. Nje mtu alikuwa akipiga kelele kwenye kaunta kuhusu gari lililoibwa. Sajini alitazama saa yake, kisha akaacha kuitazama.

"Ule mama wa Morningside iko hapa?" Marie-Jeanne aliuliza.

"Yuko kwenye gari. Anasubiri jibu."

"Aende nyumbani." Aliweka chanuo mezani. "Papa Josiah, ambia polisi bwana yangu ananyamaza. Atasema siku ya Mungu, bale bakisha kwenda."

Josiah aligeukia meza. "Anakaa kimya. Atatoa maelezo Jumapili."

"Jumapili mwendesha mashtaka hayupo kazini," Sajini alisema. "Jumatatu asubuhi jalada litakuwa wazi bado. Wamelielewa hilo?"

"Wamelielewa."

Sajini aliandika kwamba mshukiwa amechagua kunyamaza, saa kumi na moja na dakika tano. Alimpa Athanase kalamu asaini, kisha akampa Josiah, mahali pa mkalimani. Josiah alisaini. Marie-Jeanne alikuwa ameshasimama, anamsaidia mumewe kupitisha kamba kwenye viatu.

"Jumatatu tutaenda wote batano," alimwambia, bila kuinua kichwa. "Kama ni kukukatala, bakukatale mbele ya batoto."